Pedali ya Drams Iliyozeeka: Usikaze Springi, Tafuta Kinachobana

Leo naomba tuweke jembe pembeni kidogo. Wengi wenu mmenizoea kwa habari za mahindi, kuku wa kienyeji na dawa za kupulizia. Wachache mnajua kwamba nyuma ya nyumba yangu kuna meza yenye jiliwa, ambapo watu huniletea mabomba ya kupulizia yaliyoziba, mashine za mkono za kupukuchua mahindi, na mara mojamoja cherehani. Sikusomea ufundi. Bwana shamba hujifunza kufungua nati kwa sababu wadudu wakishaingia shambani, mkulima hawezi kumsubiri fundi wa mjini.

Mwaka jana nililetewa kitu ambacho sikuwahi kukifungua: pedali ya ngoma kubwa, ile inayokanyagwa kwa mguu wa kulia kwenye drams. Mwenye nayo ni mzee wa miaka 71, mpiga drams wa bendi inayopiga kwenye harusi na kwenye baa za mwisho wa wiki hapa Morogoro. Mji huu ndio wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba, kwa hiyo kumkuta mzee mwenye vijiti viwili mfuko wa nyuma si ajabu.

Kabla hajafika, kiongozi wa bendi alishanipigia simu. Ni kijana, mtoto wa mpiga gitaa mwenzake mzee. Akaniambia taratibu, kwa aibu: "Bwana shamba, mzee mguu umekwisha. Mdundo wa chini unachelewa, wacheza wanagongana. Hatutaki kumvunjia heshima, lakini watu wa harusi wanalipa. Na kinanda kipya kina drams ndani yake." Akataka nimwambie mzee kwamba kifaa hakitengenezeki, ili ajiondoe mwenyewe bila mtu kumfukuza.

Sikumjibu. Siku ya pili mzee akaja na pedali kwenye mfuko wa salfeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa unatengeneza mabomba yasiyopiga. Na hii haipigi." Akakaa. Kisha akasema, "Ila wenzangu wanasema si yenyewe, ni mguu. Wewe utatengeneza kipi?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike makala hii. Ukiwa na pedali ya zamani, ya baba yako, ya kwaya, au uliyoinunua kwa mtu anayehama, huwezi kujua kama tatizo ni wewe au ni chuma mpaka umekipima chuma.

Kwanza tukijue kifaa. Zamani ngoma kubwa ya bendi ilipigwa kwa mkono. Mwaka 1909 ndugu wawili wa Chicago, William na Theobald Ludwig, walianza kutengeneza na kuuza pedali iliyoweza kwenda na kasi ya muziki wa wakati huo, na tangu hapo mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda akaweza kufanya kazi ya watu wawili. Umbo halijabadilika sana. Kuna kibao cha kukanyagia chenye bawaba upande wa kisigino. Kuna nguzo mbili, na juu yake shafti iliyolala. Kwenye shafti kuna kirungu kinachogonga ngozi ya ngoma. Mkanda, mnyororo au kiungo cha chuma kinaunganisha ncha ya kibao na shafti, na springi inarudisha kila kitu nyuma. Basi. Bomba lako la kupulizia lina vipande vingi kuliko hivyo.

Ya mzee ilitengenezwa Uingereza. Maandishi hayo bado yanasomeka upande wa chini, lakini jina la kiwanda limeliwa na kutu. Nguzo na kibao ni aluminiamu ya kumimina, shafti ni chuma, mkanda ni wa ngozi, na springi moja ya kuvutika inaning'inia nje upande wa kulia.

Pima kabla ya kufungua

Usishike spana bado. Chukua dumu la lita 10 lililo tupu, lifunge juu ya kibao kwa mpira wa baiskeli mahali unapokaa unyayo, kisha uwe unamimina maji kwa kikombe cha nusu lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani. Andika ni lita ngapi kibao kilianza kushuka. Halafu anza kunyonya maji kwa mpira mwembamba, taratibu, na uandike ni lita ngapi zilizobaki kibao kilipoanza kupanda chenyewe.

Hizo namba mbili zinakuambia kila kitu. Kibao kinaposhuka, uzito unapambana na springi na msuguano kwa pamoja. Kinapopanda, springi inapambana na uzito na msuguano. Kwa hiyo nusu ya tofauti ya namba hizo ndiyo msuguano, na katikati yake ndiyo nguvu ya springi yenyewe.

Pedali ya mzee ilishuka kwa lita 6. Haikupanda mpaka maji yalipobaki lita moja na nusu. Piga hesabu: springi karibu kilo 3.75, msuguano karibu kilo 2.25. Na wimbo wa dansi unaokwenda dakika 8, kwa mapigo 120 kwa dakika, unataka mguu ukanyage karibu mara 1,000. Nikamwonesha mzee karatasi. Akaitazama kwa muda, akasema tu, "Kumbe."

Nikaangalia springi. Nati yake ilikuwa imekazwa mpaka mwisho wa meno. Hapo hadithi yote ya pedali ile ikajieleza. Kila mwaka ilipokuwa nzito kurudi, mtu alikaza springi kidogo ili irudi upesi. Springi ikikazwa, mguu nao unalazimika kusukuma zaidi. Mwaka unaofuata msuguano umeongezeka, anakaza tena. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, mzee mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokaza. Lakini mzigo wote uliishia kwenye goti la mtu mmoja.

Kufungua bila kuharibu

Piga picha kwa simu kila upande. Tandaza kitambaa cheupe na upange vipande kwa mpangilio unavyovitoa. Pima na uandike mkanda ulikuwa kwenye tundu la ngapi, na kirungu kilitokeza kiasi gani juu ya shafti. Mpigaji amezoea vipimo hivyo kwa miaka, na atavihitaji siku ya kurudisha.

Ondoa kwanza ngozi na kichwa cha kirungu, maana vitu hivyo havipendi mafuta. Vilivyobaki vya chuma, kama skrubu zimeganda, vitie kwenye dizeli usiku kucha, mbali na moto. Asubuhi gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo mara tatu nne, ukiwa umeweka bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake. Bisibisi nyembamba ndiyo inayoua skrubu za zamani, si kutu. Ikigoma, irudishe kwenye dizeli siku nyingine. Pedali imekaa na kutu miaka 40, haitakimbia.

Hapa nisisitize jambo ambalo mafundi wengi wa baiskeli na pikipiki hulipuuza. Pedali nyingi za Kiingereza na za Kimarekani za zamani hazina skrubu za milimita. Bolti ya robo inchi ina unene wa milimita 6.35 na meno 20 kwa kila inchi. Bolti yetu ya kawaida ya milimita 6 ina meno yanayopishana milimita 1, yaani karibu 25 kwa inchi. Kwa macho ni mapacha. Ukiianza kwa vidole inaingia vizuri mzunguko mmoja au miwili, kisha inagoma. Ukiishika kwa spana itaendelea, huku ikila meno ya aluminiamu ambayo hayarudi. Robo inchi ya Kimarekani nayo ina meno 20, na mara nyingi huingia kwenye tundu la Kiingereza ingawa pembe ya meno yake ni tofauti kidogo. Kama skrubu ya asili inafaa hata nusu, isafishe uirudishe. Ile iliyopotea, nenda na kipande chenyewe dukani na ujaribu kwa vidole tu.

Kusafisha: mswaki wa zamani, mafuta ya taa, na subira. Grisi ya zamani hugeuka gundi. Ndani ya bushi za shafti ya mzee nilikuta utando mgumu wa kahawia uliochanganyika na vumbi, na bila shaka soda na bia za miaka mingi ya harusi. Nilisafisha kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, si kwa msasa, kwa sababu bushi ikipanuka kwa msasa shafti itacheza na huna pa kuirudisha. Baada ya kusafisha, shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza kidogo sana bila kelele, iache. Ikigonga, tafuta fundi mwenye mashine ya kukereza akutengenezee bushi mpya ya shaba. Kama pedali yako ina beringi za gololi, zungusha kila moja kidoleni: inayokwaruza haiponi kwa grisi, ibadilishe. Soma namba iliyo ubavuni. Yenye namba 608, kwa mfano, ina tundu la milimita 8, upana wa nje milimita 22 na unene milimita 7, na inapatikana kirahisi. Isiyo na namba, ipime na uende nayo mfukoni, huenda ni ya inchi.

Usitumie soda kali ya kutengenezea sabuni, wala magadi ya moto, kwenye sehemu za aluminiamu. Zinaitafuna, na itatoka nyeusi na yenye vishimo. Maji ya betri yasahau kabisa. Kwa kutu ya juujuu kwenye chuma chenye kromu, chukua kipande cha karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ikunje, ichovye kwenye maji na usugue. Inatoa kutu bila kukwaruza kromu. Wengi hawaamini mpaka waone.

Sasa bawaba ya kisigino. Hapa ndipo pedali nyingi zinapofia, kwa sababu kila mtu anaangalia juu kunakocheza na kung'aa. Bawaba iko chini, inapokea jasho, matope ya viatu na maji ya kudekia. Pini ya bawaba ya mzee ilikuwa imegeuka kitu kimoja na tundu lake. Ilichukua siku tatu za dizeli, na ilipotoka ilikuwa nyembamba katikati kama kiuno cha nyigu. Nikaibadilisha kwa kipande cha spoku nene ya pikipiki nilichokikata kwa msumeno na kukilainisha ncha. Kazi ya dakika 20, na pengine ndiyo iliyorudisha nusu ya mguu wa mzee.

Baada ya hapo nikaunganisha bila kugusa springi, iliyobaki imekazwa vilevile, na nikarudia dumu la maji. Ilishuka kwa lita 4.2 na kupanda kwa 3.4. Springi ileile, lakini msuguano ulishuka kutoka zaidi ya kilo mbili hadi chini ya nusu kilo. Ndipo nikalegeza springi, kidogo kidogo, mpaka ikawa inashuka kwa lita 2.6 na kupanda kwa 2. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akihesabu vikombe pamoja nami.

Kuhusu springi yenyewe. Kama imekatika au imelegea, usiivute ili ifupike kazi wala usikate pingili bila hesabu. Ugumu wa springi unategemea sana unene wa waya. Waya wa milimita 2.2 badala ya 2 unaonekana ni uleule, lakini springi yake, kwa upana na idadi ileile ya pingili, ni ngumu zaidi kwa karibu asilimia 46. Ndiyo maana springi ya stendi ya pikipiki, ambayo mafundi wengi huipachika, inaifanya pedali kuwa kama klachi ya lori.

Ngozi ya mkanda

Hapa niko nyumbani kwangu, kwa hiyo nivumilie. Mkanda wa mzee ulikuwa umechanika kwenye tundu la tatu na kurefuka kama kidole kimoja. Mkanda ukirefuka, kibao kinakaa chini mno na kirungu kinaanza safari mahali pasipo pake. Mpigaji anakanyaga, na nusu ya mwendo inaishia hewani.

Usikate mkanda kutoka ngozi yoyote iliyo karibu. Kwenye ng'ombe mmoja kuna ngozi kadhaa. Ya tumbo imelegea na hurefuka. Ya shingo ina mikunjo. Unayoitaka ni ya mgongo, karibu na uti, na mkanda ukatwe kufuata urefu wa mgongo, si kukatisha. Pia iangalie dhidi ya mwanga. Vidoa vidogo vya kupe, makovu ya chapa na mikato ya kisu cha mchunaji ni mahali itakapokatika. Nimekuwa nikiwaambia wafugaji miaka yote kwamba kupe hali damu tu, anakula na bei ya ngozi. Huu hapa ushahidi, upana wake sentimita mbili.

Ulizia pia ilivyolainishwa. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome, kama ya miwati inayolimwa Njombe na Lushoto, huwa na rangi ya kahawia ndani kote, ni ngumu kidogo na hairefuki ovyo. Ile ya kromu ni laini, mara nyingi ya kijivu au samawati ukiikata, nzuri kwa begi na viatu lakini si kwa mkanda wa pedali. Fundi viatu mzee atakuonesha tofauti bila kuuliza mara mbili. Unene wa milimita 3 hadi 4 unatosha.

Ukishakata, ulowanishe, uning'inize usiku mzima ukiwa na tofali chini yake, uache ukauke kivulini. Hapo umemaliza urefukaji wake kabla haujafungwa. Tundu toboa kwa patasi ya mviringo ya fundi viatu. Msumari hupasua, na mpasuko huo ndio utakaokuangusha katikati ya wimbo. Paka mafuta ya ng'ombe kidogo sana kwa kidole. Oili ya injini inaiozesha.

Kama huna ngozi nzuri, kipande cha mkanda wa kiti cha gari kinafaa sana. Hakirefuki, na tundu unalitoboa kwa msumari wa moto, unaoziba nyuzi zisifumuke. Si cha asili, lakini kinapiga kazi. Kuhusu pedali zinazotumia mnyororo au zile zenye kiungo cha chuma, habari ni fupi zaidi: mnyororo usafishe kama wa baiskeli, kiungo angalia kama tundu zake zimekuwa za yai.

Niseme neno kuhusu Speed King, pedali ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1937 na ambayo bado inakutwa kwenye stoo. Hii haina mkanda wala springi ya nje. Springi zake mbili zimefichwa ndani ya nguzo, na zinafikiwa kwa skrubu zilizo chini ya nguzo hizo. Ipindue juu chini, hesabu mizunguko unapofungua ili urudishe ileile, na ukifika mwisho kandamiza kwa kidole gumba ndani ya kitambaa, maana springi inasukuma na itakurukia usoni. Futa grisi nyeusi, weka mpya kidogo, funga. Ugonjwa wake maarufu ni kulia kama panya. John Bonham wa Led Zeppelin alikuwa akitumia aina hiyo, na kwenye albamu yao ya tatu ya mwaka 1970 kuna wimbo ambamo mlio wa pedali yake unasikika wazi. Hakuna aliyerudisha sahani dukani. Kwa hiyo ukishasafisha na kupaka mafuta na bado kuna kamlio kadogo, cheza tu.

Kirungu cha mzee kilikuwa na kichwa cha feliti kilicholiwa na nondo upande mmoja. Sikukibadilisha. Nilikizungusha ili upande mzima ndio ugonge, basi.

Kung'arisha au kuacha

Kiongozi wa bendi alipita siku ya nne. Akaona pedali imekauka mezani akafurahi, lakini akauliza kama naweza kuipaka rangi ya fedha au kuipeleka ikapigwe kromu, "ili na kwenye video ya harusi ionekane." Nikamwambia atazame kibao. Katikati, chini kidogo ya ncha, mifereji iliyochorwa kiwandani imefutika na pamekuwa na bonde laini lenye umbo la mbele ya kiatu. Hapo ndipo mguu wa mzee umekaa tangu kijana huyo hajazaliwa. Nikamwambia, kutu inayokula nimeitoa. Hii si kutu. Ukipaka rangi hapo mguu utateleza, na mzee atalazimika kuutafuta upya mahali pake kila mdundo.

Wapo wanaopenda vitu vya zamani ving'ae, na siwagombezi. Kama unataka kuiuza kwa mkusanyaji, hasa wa Ulaya au Marekani, fahamu kwamba wengi wao wanataka iliyobaki ya asili, isiyotobolewa wala kupakwa rangi. Kila kipande ulichobadilisha kihifadhi kwenye mfuko mdogo na uuze pamoja. Pini iliyokonda na mkanda uliokatika wa mzee viko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya boksi lake la vijiti.

Gharama zote, ukiondoa muda wangu, zilikuwa shilingi 9,500: ngozi, spoku, dizeli na oili.

Ijumaa tukaenda mazoezini. Sikuwa nimemwambia mzee habari ya ile simu, wala yeye hakuniuliza. Alifunga pedali kwenye ngoma, akavuta kigoda nyuma kidogo, akakanyaga mara nne bila muziki. Akasimama, akapunguza urefu wa kirungu kama nusu kidole, akakaa tena. Mkanda niliufunga kwenye tundu lake la zamani, na hakuugusa.

Walipiga nyimbo tatu ndefu. Siwezi kukuambia kwa lugha ya wanamuziki, ila mpiga besi, ambaye mwezi mzima alikuwa akipiga huku amemkazia macho mzee ili asipotee, aligeuka akatazama ukuta. Wimbo wa nne, katikati, mdundo ukaanza kushuka. Mzee mwenyewe ndiye aliyenyanyua kijiti kuwasimamisha. Akashika goti.

"Hili sasa ni langu," akasema. "Pedali haimo."

Kiongozi akacheka, na nikaona bega lake limeshuka kama mtu aliyetua gunia. Walikaa pale pale kwenye spika wakazungumza, mimi nikitafuta kazi ya kufanya kwenye mfuko wa spana. Waliyokubaliana ni kwamba mzee anapiga seti ya kwanza, ile ya watu wazima na chakula, na kijana mmoja wa kwaya ya jirani anachukua seti ya pili. Kinanda kibaki kinanda. Kijana huyo ana pedali yake mpya ya mnyororo, lakini mzee amemwekea sharti: mazoezini anatumia ya zamani, kisigino chini, mpaka aweze kupiga polepole bila kukimbia. Nilipoonana naye juzi sokoni alilalamika kwamba muundi unamuuma. Nikamwambia apime kwanza kwa dumu la maji.

Ili isirudi ilikotoka, tone moja la oili ya cherehani kila upande wa shafti na moja kwenye bawaba, kila baada ya mwezi, kisha ufute kinachobaki maana mafuta ya ziada yanaita vumbi. Baada ya shughuli ifute kwa kitambaa kikavu, hasa kama kulikuwa na bia. Isafirishwe ikiwa imefunguliwa kirungu, ndani ya mfuko wake, si chini ya spika. Na mara moja kwa mwaka rudia dumu la maji na uandike namba mbili ukutani. Tofauti ikikua, safisha kabla hujashika nati ya springi.

Mwenye swali kuhusu pedali yake atume picha ya upande wa chini pia, si ya juu tu. Makala ijayo tunarudi shambani: viwavijeshi vamizi, na jinsi ya kukagua mahindi yakiwa na majani manne.